Gari lililowaka baada ya hela kuhesabiwa

Mnunuzi alikuja na betri yake mwenyewe.

Alikuja pia na kidumu cha petroli cha lita tano, spana ya plagi, kipande cha msasa laini, na kijana wa kumshikia tochi. Hela zilikuwa zimeshahesabiwa mara mbili juu ya meza ya sebuleni, kadi ya gari imeshatoka kwenye bahasha. Land Rover 109, ile ndefu, ya marehemu mwenye nyumba ilikuwa palepale chini ya mwembe ilipokaa miaka sita, matairi yamelala, majani makavu yamejaa kwenye boneti. Familia nzima ilikuwa na kauli moja: gari limekufa. Bei waliyokubali ilikuwa bei ya skrepa.

"Mama, hendeli ya gari iko wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyejua hata hendeli yenyewe inafananaje. Akatoa ya kwake.

Alifungua plagi nne, akamimina oili kwenye kila tundu kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, akachomeka hendeli kwa mbele na kuizungusha injini polepole. Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa mizito, kisha ikalainika. Akafungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, akasugua pointi za ndani kwa msasa na kuzifuta kwa kitambaa. Akachomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye pampu, akafunga mpira mwingine na kuuzamisha kwenye kidumu. Kisha akapenyeza mkono hadi chini ya pampu, kwenye kijiti kidogo ambacho watu wengi hufa bila kujua kuwa kipo, akaanza kukichezesha: juu, chini, juu, chini, mpaka kikombe cha kioo kikajaa petroli. Akarudisha plagi, akaunga betri, akavuta choki.

Ilikohoa mara tatu ikazima. Mara ya nne ikawaka.

Hazikupita dakika arobaini tangu afungue boneti. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mwenye nyumba aliingia ndani.

Kilichouma si bei

Tukio hilo lina wiki kadhaa halijanitoka kichwani. Mwanzoni nilidhani kinachouma ni bei: wameuza bei ya chuma kitu kinachotembea. Lakini bei ni jambo linaloisha. Hela ikishaliwa, imeliwa, na hata ingekuwa mara tatu ingeliwa vilevile.

Halafu nikadhani ni mapenzi ya gari tu. Mwaka 2024 uliwatonesha wengi kidonda hicho. Mwezi Mei Nakuru ilijaa Land Rover za kila umri kwa tamasha lake, Oktoba ikawa zamu ya Arusha, na picha zikazunguka kwenye simu za koo nzima: "Si kama ile ya babu?" Albamu zikafunguliwa. (Kwa anayetaka kujua ya babu ilikuwa ipi: kwenye picha, taa kubwa zikiwa katikati karibu na wavu wa rejeta, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa zimehamia kwenye mudigadi na wavu ni wa plastiki, hiyo ni Series III, toleo la tatu, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985.)

Ila mapenzi nayo hayaelezi ule ukimya wa chini ya mwembe. Watu huuza vitu wanavyovipenda kila siku na wanalala usingizi.

Kilichowanyamazisha ni kwamba gari halikuwa limekufa. Aliyekufa ni mtu aliyekuwa akijua namna ya kuishi nalo.

Levu tatu

Marehemu aliacha gari, hakuacha masharti ya gari. Masharti yote alikuwa nayo kichwani, akazikwa nayo. Waliobaki walijaribu, wakashindwa, na kila waliposhindwa wakaandika ugonjwa mmoja kwenye cheti cha kifo.

Ugonjwa wa kwanza huwa huu: linaunguruma lakini haliendi. Kwenye sakafu ya 109 kuna levu tatu. Ndefu ni ya gia za kawaida. Fupi yenye kichwa chekundu ni ya giaboksi ndogo: ikiwa mbele ni mwendo wa kawaida, ikivutwa nyuma ni mwendo wa nguvu, na katikati haishiki kitu chochote. Nafasi hiyo ya katikati iliwekwa kwa makusudi, ili injini iweze kuendesha winchi au mashine nyingine gari likiwa limesimama. Sasa fikiria gari limeegeshwa uani na watoto wanapanda kucheza udereva. Ni mtoto gani atakayeiacha levu nyekundu bila kuivuta? Mwaka unaofuata mjomba anakuja, anawasha, anatia gia, anaachia klachi, gari limetulia tuli. Fundi wa barabarani anaitwa, anasikiliza, anasema giaboksi imekwisha. Giaboksi haina neno. Inasubiri mtu wa kusukuma levu mbele.

Ugonjwa wa pili: usukani mzito. Hapo mtuhumiwa ni levu ya tatu, ile yenye kichwa cha njano. Ukiibonyeza chini, magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta pamoja na ya nyuma. Kwenye tope ni neema. Kwenye lami ni balaa, kwa sababu Land Rover hizi hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane kasi. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, chuma kinajisokota ndani, usukani unagoma, tairi zinalika upesi. Na kuivuta ile ya njano kwa mkono hakuitoi. Unasimamisha gari kabisa, unavuta nyekundu nyuma, kisha unairudisha mbele; njano inaruka juu yenyewe kwa springi yake. Asiyejua hilo anaweza kuendesha mwezi mzima akilaani usukani.

Kama njano iko juu na usukani bado mzito, pima upepo wa tairi kwanza. Baada ya hapo angalia oili kwenye matufe ya chuma yaliyo nyuma ya magurudumu ya mbele. Kila moja linataka nusu lita, na sili zake zikishachoka linavuja mpaka linakauka. La mwisho ni relei ya usukani, lile silinda lililosimama ndani ya chasisi mbele ya rejeta. Lina oili yake na hakuna anayelikumbuka. Fungua bolti moja ya juu, jaza EP90, oili ya gia, taratibu mpaka itosheke. Mara nyingi usukani hulainika kwa hilo tu. Ila fundi akisema anaifungua relei yenyewe, muulize kama ameshawahi. Ndani kuna springi iliyokandamizwa kwa nguvu nyingi, na ikifyatuka inavunja taya. Isitoshe, kuichomoa kwenye chasisi iliyoshika kutu ni kazi ya siku nzima na matusi yake.

Ugonjwa wa tatu ni breki. Pedali inazama mpaka sakafuni, ukikanyaga mara ya pili inashika. Watu huagiza pampu kuu mpya. Mara nyingi pampu haina kosa, ni breki za ngoma zisizorekebishwa. Nyuma ya sahani ya gurudumu kuna vichwa vya kurekebishia. Magurudumu ya mbele ya 109 yana viwili kila moja, maana kila kiatu cha breki kina silinda yake. Inua gurudumu, zungusha kichwa kimoja mpaka gurudumu ligome, rudisha kidogo mpaka lizunguke huru, nenda kwenye kingine. Kazi ya nusu saa kila upande, bila kununua kitu.

Na spana ziwe za inchi. Hili nalisema kwa hasira kidogo. Nati nyingi za gari hili ni za 7/16, 1/2 na 9/16. Spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, inaingia na inaonekana imekaa. Ukitia nguvu inateleza na kula pembe za nati. Baada ya mafundi watatu wa namna hiyo, nati zimekuwa mviringo, na hapo ndipo kila kazi inakuwa ya patasi na nyundo, na gari linapata sifa ya kuwa gumu.

Moshi hausemi neno moja

Ukiona familia imeuza kwa sababu ya moshi, uliza ulikuwa wa rangi gani. Wengi hawakumbuki. "Moshi tu."

Mweusi ni petroli nyingi, na kwenye hizi za petroli za lita 2.25 zenye kabureta ya Zenith kuna kosa linalojulikana: kifuniko cha juu hupinda kwa joto na kukazwa ovyo, na ringi ya mpira ya ndani hukauka. Petroli inapita pasipopaswa, silensa (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) inakuwa mbaya, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya jikoni. Dawa ni kioo bapa na msasa. Tandaza msasa laini juu ya kioo, sugua uso wa kifuniko kwa mwendo wa namba nane mpaka ung'ae kote sawasawa, weka ringi mpya na gasketi mpya. Injini haiguswi.

Bluu ni oili. Kabla ya kufungua injini, fungua chujio la hewa. Lile la asili ni bakuli lenye oili chini yake, linalotaka kama lita 0.85, na ndani kuna alama ya kipimo. Mtu mwema akilijaza mpaka juu, injini inafyonza oili na kuichoma, na moshi wake unatosha kufukuza mbu mtaa mzima. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu, ukapotea injini ikichangamka, mara nyingi ni sili za valvu. Unaozidi ukiwa unapanda mlima umebeba mzigo ndio wa ringi za pistoni, na huo ndio wa gharama.

Mweupe mzito usiokoma, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta bila kuonekana yanakovuja, ni gasketi ya hedi. Hiyo nayo si kifo. Ni siku moja ya kazi, bolti zikazwe kwa mpangilio kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, mpaka futi-pauni 65. Valvu zote, za kuingiza na za kutoa, zipimwe pengo la milimita 0.25.

Oili inayodondoka chini nayo ina lugha yake. Chini ya kasha la klachi kuna tundu dogo la kutolea maji na oili. Likidondosha, chovya kidole unuse. Yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi, isiyo na harufu hiyo ni ya injini. Tofauti hiyo peke yake inaamua nini kinafunguliwa.

Mahali linapofia kweli

Nimeandika kana kwamba hakuna Land Rover inayostahili kuuzwa. Zipo.

Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu, na aluminiamu haili kutu kama bati. Hapo ndipo penye udanganyifu. Mlango umenyooka, mudigadi zinapendeza, rangi ya kijani imefifia vizuri kama ya kwenye kalenda, na chini yake chasisi ya chuma imekuwa biskuti. Kinyume chake kipo pia: bodi imebondekabondeka kama sufuria ya mama ntilie, chasisi nzima. Gari lililokaa Dodoma na gari lililokaa Tanga yanaweza kuwa ya mwaka mmoja, na la Tanga likawa limekwisha kwa chumvi ya bahari.

Shika nyundo ndogo na ulale chini. Gonga boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano, gonga mikono ya chuma inayotoka pembeni mwa chasisi kushika bodi, gonga sehemu zinazoshikilia springi, hasa za nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi, na nyundo ikiingia ndani usishangae. Kisha inua kapeti, kama lipo, uangalie sehemu ya kukanyagia ya dereva na abiria, kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Ukuta huo ni wa chuma, na ndio unaobeba milango, usukani na kioo cha mbele. Aluminiamu inapogusana na chuma pakawa na unyevu, utaona unga mweupe na uvimbe. Hapo pameanza.

Boriti ya nyuma iliyooza inabadilishwa. Mikono ya pembeni inachomelewa mipya kwa bamba la milimita 2 au 3, mradi tangi la petroli lishushwe kwanza na betri ifunguliwe. Lakini chasisi iliyooza sehemu tano, pamoja na ukuta wa mbele, injini nayo imepasuka bloki: hilo liuze, na usijilaumu.

Majuto hayakumbuki bei ya petroli.

Hilo nalo lisemwe. 109 ya petroli inakwenda kilometa tano au sita kwa lita, na ikibeba mzigo kupanda Usambara, chini ya hapo. Haina kiyoyozi, breki zinataka mguu wa mkulima, ikifika kilometa 90 kwa saa mazungumzo yanasimama. Mwanafamilia anayelia leo kwamba gari la baba liliuzwa ndiye aliyekuwa akiombwa achangie tairi akawa hapatikani hewani. Nimejiuliza mara nyingi: kama wasingeliuza, nani hasa angeliendesha? Sikupata jibu zuri. Pengine lingeoza palepale chini ya mwembe, kuku wakitagia kwenye siti, mpaka likawa skrepa ya kweli.

Kwa hiyo siwezi kusema walikosea kuuza. Walikosea mpangilio. Waliuza kwanza, wakawasha baadaye.

Kabla ya kutaja bei

Na simlaumu mnunuzi. Aliuliza kama linawaka, akajibiwa halijawaka miaka sita, na jibu hilo lilikuwa kweli. Yeye alichokuwa nacho ni dakika arobaini za ujuzi, na ujuzi huo unapatikana kwa yeyote mwenye subira ya Jumamosi moja.

Alichofanya ni njia ya mkato ya mfanyabiashara. Mwenye gari aende taratibu zaidi. Petroli ya miaka sita haifai, imwage yote na usafishe kikombe cha kioo. Oili ya injini ibadilishwe kabla ya kuwasha kwa muda mrefu, inaingia karibu lita 7 pamoja na chujio. Oili kijiko kimoja kwenye kila silinda iache ilale usiku mzima. Ukirudisha plagi na kuzungusha kwa hendeli kesho yake, sikiliza kwa mkono: kwa kila mizunguko miwili utakutana na vilima vinne, yaani sehemu nne zinazokaza. Vikiwa na uzito sawa, injini ina afya. Kilima kimoja kikikosekana, kuna valvu iliyoganda wazi au ringi iliyokwisha. Hicho ni kipimo cha bure, hakihitaji umeme.

Hendeli ishikwe kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie mkono mzima. Injini ikirudi nyuma ghafla inavunja gumba. Wazee walijua, ndiyo maana walishika hivyo bila kueleza.

Pengo la pointi ni kati ya milimita 0.35 na 0.40, la plagi kati ya 0.75 na 0.80. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Waya mbili zikibadilishana, gari litapiga mizinga na mtu atasema injini imepasuka.

Klachi nayo huwa imejishika kwa kutu, hivyo gia haziingii injini ikiwa imewaka. Usikimbilie kushusha giaboksi. Kandamiza pedali chini, iwekee gongo kati yake na boksi la siti, iache usiku kucha, na uipashe injini moto siku ya pili. Mara nyingi inaachia yenyewe.

Kwa giaboksi na difu nunua lita kumi za EP90 na zinatosha: giaboksi kubwa lita 1.5, ndogo lita 2.5, difu ya mbele lita 1.75, ya nyuma kwa 109 nyingi za Series III lita 2.5, na nusu nusu lita kwa yale matufe mawili.

Gari likishawaka na kusogea mita hamsini, mbele na nyuma, hapo ndipo familia ikae na izungumze bei. Inawezekana wakaamua kuuza palepale. Ila watakuwa wanauza gari.

Kwa magari ya marehemu kuna jambo la karatasi. Kadi ikiwa bado na jina lake, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si kaka mkubwa kwa kuwa ni kaka mkubwa. Na mkishauza, fuatilieni umiliki uhamishwe TRA, Mamlaka ya Mapato. Kadi isipobadilishwa, gari linatembea huko na makosa yake barabarani huku jina la marehemu likiendelea kuitwa.

Ukishauza

Wapo wanaosoma hapa wakiwa wamechelewa. Gari limekwenda, mwembe una kivuli kitupu chenye doa la oili.

Anza na namba ya chasisi. Rangi hubadilika, bodi hukatwa ikawa pikapu, na injini ya petroli hung'olewa ikawekwa ya dizeli ya Isuzu au ya Toyota, kwa sababu ileile ya kilometa tano kwa lita. Namba ya chasisi kwenye Series III imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye kishikio cha springi, na ipo pia kwenye kibati ndani ya kabini. Kibati kinahamishika kwa bisibisi, chuma hakihamishiki. Kama hukuandika namba hiyo, tafuta nakala ya kadi, stika za bima za zamani, risiti za gereji. Wazee walikuwa hawatupi risiti.

Kisha uliza mafundi kabla ya madalali. Land Rover za 109 hazina mafundi wengi kila mji, na wale waliopo wanazijua moja moja kama mchungaji anavyojua ng'ombe: ile yenye mlango wa nyuma uliopinda, ile iliyokuwa ya misheni, ile ya mnada wa serikali. Dalali akijua unaitafuta kwa machozi, bei inapanda siku hiyohiyo.

Ukiipata, lala chini na nyundo kama mgeni. Hapa ndipo wengi wanaporudia kosa kwa upande wa pili: waliuza bila kuangalia, na sasa wananunua bila kuangalia, kwa kuwa wameona mkwaruzo wa mwaka ule kwenye dashibodi. Mkwaruzo haubebi gari. Uliza nini kimebadilishwa. Kama chasisi ni nyingine na ukuta wa mbele ni mwingine, unachonunua ni dashibodi na kumbukumbu, na bei yake iwe ya dashibodi. Kama chasisi ni ileile na injini ndiyo ngeni, mimi ningechukua. Injini za lita 2.25 bado zinapatikana kwenye magofu ya gereji, zikisubiri mtu wa kumimina kijiko cha oili.

Na nenda na vitu ulivyobaki navyo. Vipo, hata kama hujui. Ufunguo wa akiba, kile kifuniko cha tangi kilichowekwa stoo mwaka kilipobadilishwa, spana ya plagi yenye mpini uliopinda. Nyumba ile ya mwembe, hendeli haikuwa imepotea. Kijana wa mnunuzi ndiye aliyeiona, gari likiwa linatoka getini: chuma kirefu chenye mikunjo miwili, kimepitishwa kwenye vitanzi viwili vya waya, kinafunga mlango wa banda la kuku.